Makabidhiano ya Ofisi za Jimbo ni Deni la Haki

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Halmashauri za Walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia





Barua ya Baba Askofu mliisikia ikisomwa makanisani mwenu. Makamu wa Askofu anamaliza muda wake na kurudi parokiani. Katibu wa Jimbo, ambaye Sheria za Kanisa humwita Kansela, anakwenda masomoni. Mweka Hazina wa Jimbo, aliyeishika kazi hiyo kwa vipindi viwili, anampisha mwenzake. Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja, lakini maneno yaliyosemwa juu yake tangu Dominika ile yangejaza kitabu. Tumesikia kwamba mmoja ameng'olewa. Tumesikia kwamba mwingine amekula. Tumesikia pia, na hili lilisemwa na mtu mzima tena mbele ya watoto, kwamba anayekuja ni wa kabila fulani, na kwamba sasa parokia za upande fulani ndizo zitakazopata magari.

Hatukusimama hapa kumtetea mtu wala kumshtaki. Wanaoondoka tunawafahamu, tumekula nao meza moja. Wanaoingia tunawafahamu vilevile. Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo barua ile haikulitaja, nalo ni makabidhiano: yale yanayopaswa kutendeka kati ya siku mtu anapoambiwa aondoke na siku mwenzake anapoketi kwenye kiti kile. Siku hizo huwa chache. Hata hivyo, haki za watu wadogo zinazopotea katika siku hizo chache ni nyingi, na zinapotea kimya kimya, kwa kuwa wenye haki hizo hawamo chumbani.

Wapo watakaouliza Kamati ya Haki na Amani inahusika vipi na ofisi za Askofu. Mmezoea kushughulikia mirathi ya wajane, mipaka ya mashamba, wanawake wanaopigwa majumbani, mahabusu waliosahauliwa. Ni kazi njema, nanyi mwaifanya kwa moyo. Lakini tutawezaje kumwambia mwenyekiti wa kijiji asome mapato na matumizi mbele ya mkutano, iwapo nyumbani mwetu wenyewe funguo za ofisi hupokezanwa gizani? Serikali ya kijiji itatucheka, tena kwa haki.

Lugha yetu imebarikiwa kuwa na neno kung'atuka. Wazee wenzetu mnakumbuka jinsi lilivyotufikia: Mwalimu Nyerere alilichukua kutoka Kizanaki, akatufundisha kwa neno na kwa tendo alipoacha urais mwaka 1985. Tangu hapo Watanzania tunajua kwamba mtu aweza kuondoka madarakani akiwa hai, mwenye akili timamu, na bila kufukuzwa. Ni urithi mkubwa. Lakini kung'atuka ni kwa mtu mmoja; anasimama, anaondoka. Kukabidhi kunahitaji mikono miwili, wa anayetoa na wa anayepokea, na kwa desturi yetu kunahitaji pia macho ya shahidi. Hata ng'ombe wa mahari hawahesabiwi na upande mmoja.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili vizuri. Mungu alipomwamuru Musa amweke Yoshua, hakumwambia amnong'oneze siri hemani. Alimtaka amsimamishe mbele ya kuhani Eleazari na mbele ya jumuiya yote, watu waone mikono ikiwekwa juu yake. Samweli naye, alipokuwa mzee na mfalme amekwisha kupatikana, aliwasimamisha Israeli wote akawauliza mbele ya Bwana ni ng'ombe wa nani aliyemchukua, ni punda wa nani, ni nani aliyemdhulumu, na kwa mkono wa nani alipokea rushwa. Watu wakashuhudia kwamba hakuchukua kitu cha mtu. Hakuna aliyekuwa amemshtaki Samweli. Aliuliza mwenyewe, kwa hiari yake, ili aondoke akiwa mtu huru.

Na yupo yule wakili katika Injili ya Luka, sura ya 16, ambaye bwana wake alimtaka atoe hesabu ya uwakili kwa sababu kazi inamwisha. Tusiingie leo katika ugumu wa mfano ule, ambao umewatoa jasho wahubiri wengi, sisi tukiwemo. Tutazame tu alichofanya katika siku zile alizobakiwa nazo. Aliwaita wadeni mmoja mmoja, akawapa hati zao wenyewe wazibadili: mafuta mia yakawa hamsini, ngano mia ikawa themanini. Alikuwa bado na funguo, bado na hati, bado na jina la ofisi. Bwana wake alikuwa ametoa taarifa ya kumwondoa lakini hakuwa amechukua vitabu. Nafasi ile kati ya taarifa na vitabu ndiyo mada yetu ya leo.

Kanisa limeitungia sheria nafasi hiyo. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unaizungumzia kwa ukali zaidi pale kiti cha Askofu kinapokuwa wazi, yaani Askofu anapofariki, anapokubaliwa kustaafu au anapohamishwa. Kwetu sisi kiti hakiko wazi, Baba Askofu yupo na tunamwombea afya. Lakini taratibu za wakati mgumu hutufundisha namna ya kuenenda wakati ulio mwepesi.

Kiti kinapokuwa wazi, Makamu wa Askofu hupoteza mamlaka yake siku hiyo hiyo, hata kama alikuwa mtu wa kutetemekewa. Mamlaka yake yalikuwa ya Askofu, na hayabaki baada ya Askofu. Katika muda wa siku nane tangu taarifa kupokelewa, Baraza la Washauri lazima limchague padre wa kusimamia Jimbo. Padre huyo awe amefikia umri wa miaka 35. Na hapa ipo kanuni ambayo tungependa muikariri: kanuni ya 423 inakataza Msimamizi wa Jimbo kuwa wakati huo huo Mweka Hazina. Ikitokea Mweka Hazina ndiye aliyechaguliwa kusimamia, Baraza la Fedha litamchagua mwingine ashike hazina kwa muda. Hata awe mtakatifu, fimbo na mfuko havikai katika mkono mmoja.

Kisha kanuni ya 428. Inasema kwamba wakati wa nafasi wazi pasianzishwe jambo jipya, na kwamba Msimamizi, au mtu mwingine yeyote, amekatazwa kuondoa au kuharibu hati yoyote ya kuria ya Jimbo, au kubadili chochote ndani yake, kwa mkono wake au kwa kumtumia mwingine. Tukiisoma kanuni hiyo twamwona yule wakili wa Luka akiwa bado ameshika kalamu.

Mwaka 2025 wengi wenu mliyaona haya kwenye televisheni. Baba Mtakatifu Fransisko alipofariki tarehe 21 Aprili, milango ya makazi ya Papa ilifungwa kwa utepe na kupigwa lakiri. Mama mmoja wa jumuiya yetu alihuzunika, akatuuliza mbona wanamfungia marehemu kama mdaiwa. Tulimjibu kwamba lakiri ile inamheshimu marehemu. Hakuna atakayeweza kusema kesho kwamba kitu fulani kilikuwapo na kimetoweka. Wakuu wa idara za Vatikani nao, kwa sheria iliyotolewa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1996, waliacha nyadhifa zao, isipokuwa wachache ambao kazi zao haziwezi kusimama. Papa Leo XIV alichaguliwa tarehe 8 Mei, na siku iliyofuata ikatangazwa kwamba wakuu wale waendelee kwa muda, kwa kuwa alitaka kwanza kusali, kutafakari na kuzungumza kabla ya kuteua kwa kudumu. Wapokeaji wapya wa ofisi zetu wakiuliza waanze na nini, hatuna ushauri ulio bora kuliko huo. Mtu anayebadilisha kila kitu katika wiki ya kwanza hajajua bado anabadilisha nini.

Majirani zetu wa Jimbo Kuu la Nairobi walikaa karibu miezi kumi ya mwaka 2021 chini ya Msimamizi, Askofu David Kamau, tangu Kardinali John Njue alipostaafu Januari hadi Askofu Mkuu Philip Anyolo alipotangazwa Oktoba. Jimbo kubwa namna ile, lenye shule, hospitali na wafanyakazi wengi, haliwezi kuvuka miezi kumi kwa kumbukumbu ya kichwa cha mtu. Linavuka kwa maandishi.

Tunasema maandishi kwa uchungu, na sasa yatupasa tueleze kwa nini.

Katika parokia ya kwanza tuliyokabidhiwa, kulikuwa na mjane mmoja mzee aliyekuwa na shamba karibu na kigango. Watoto wake walikuwa wamefariki. Mwaka 2013 alitujia baada ya Misa akasema anataka kulitoa shamba lile kwa Kanisa ili lijengwe darasa la chekechea, maana watoto wa pale walikuwa wakitembea mbali. Aliomba jambo moja: aachiwe matuta ya upande wa chini alime mahindi yake mpaka siku Mungu atakapomwita. Tulikubali. Tulipeana mikono, tukasali pamoja, katekista akiwa amesimama kando na baiskeli yake. Tulikuwa kijana, darasa lilikuwa limetujaa kichwani, na matuta yale tuliyaona kuwa jambo dogo. Hati ya kijiji ya kulitoa shamba iliandikwa, kwa kuwa bila hiyo tusingeweza kujenga. Ahadi ya matuta haikuandikwa mahali popote.

Tulihamishwa mwaka uliofuata. Makabidhiano yetu yalichukua muda wa chai. Tulimpa mwenzetu funguo, kitabu cha benki, vitabu vya ubatizo na ndoa, tukamwonyesha tanki linalovuja, tukapanda gari. Mwenzetu alikuwa padre mwema na mwenye bidii. Alipokagua mali za parokia alikuta hati inayosema shamba lote ni la Kanisa, na ndani ya shamba hilo akakuta mtu analima. Alifanya alichoona ni wajibu wake: akamtaka aondoke, akaweka uzio. Katekista alijaribu kueleza, akaambiwa maneno ya mdomo hayana mwisho.

Habari zilitufikia baada ya misimu miwili, tena kwa bahati, msibani. Tulikwenda. Tulimkuta mama yule ameketi mlangoni akichambua maharage aliyopewa na majirani. Alikuwa ameacha kuja kigangoni. Tulijiandaa kusikia malalamiko juu ya padre aliyemfukuza. Hakumtaja kwa ubaya hata kidogo. Alitutazama kwa muda, akasema: "Padre, wewe uliondoka na maneno yangu."

Hatukuwa na jibu. Mwenzetu aliposikia habari yote aliomba radhi kabla hatujamaliza kuisimulia, na uzio ukaondolewa juma lile lile. Tuliandika hati mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mama akaweka dole gumba. Matuta alirudishiwa. Misimu miwili hakuna aliyeweza kumrudishia. Na mwenye kosa hakuwa aliyeweka uzio. Alikuwa sisi, tulioondoka tukijiona tumemaliza kazi vizuri, hata tukafanyiwa sherehe ya kuagwa kwa ngoma.

Kama shamba moja la kigango laweza kuleta madhara hayo, tafakarini ofisi ya Mweka Hazina wa Jimbo zima. Humo mna hati za viwanja, mikataba ya wajenzi, fedha za wafadhili zilizoletwa kwa ajili ya kisima cha mahali fulani na si pengine, nia za Misa, akiba ya mapadre wazee, ada za wanafunzi yatima ambazo mtu fulani huzilipa kwa sharti asijulikane. Nusu ya mambo hayo huwa kwenye vitabu. Nusu nyingine humo kichwani mwa mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tungeongeza kwamba ahadi bila daftari hupotea mapema zaidi.

Kwa sababu hiyo kanuni ya 1283 inamtaka kila msimamizi wa mali ya Kanisa, kabla ya kuanza kazi, aape kwamba atasimamia kwa uaminifu, kisha iandaliwe orodha kamili na iliyo wazi ya mali, pamoja na maelezo na thamani yake, naye aitie saini. Nakala moja hubaki ofisini, nyingine huhifadhiwa kwenye nyaraka za kuria. Kanuni ya 494 inampa Mweka Hazina wa Jimbo kipindi cha miaka 5, ambacho chaweza kurudiwa, na inamlinda: haondolewi kabla kipindi hakijaisha ila kwa sababu nzito, na Askofu akiisha kuwasikiliza Baraza la Washauri na Baraza la Fedha. Inamdai pia hesabu kila mwisho wa mwaka mbele ya Baraza la Fedha. Baraza hilo lazima liwe na waamini wasiopungua watatu, wajuzi wa fedha na wa sheria za nchi, na ndugu wa Askofu wa damu au wa ndoa, hadi daraja la nne, hawaruhusiwi kuwamo. Nanyi walei someni kanuni ya 1287, sehemu yake ya pili: wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali ambazo waamini wameitolea Kanisa. Zaka yako ya mahindi imo humo.

Ndugu zetu wa Kanisa la Episkopali la Marekani, ambao ni wa familia ya Waanglikana, walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mweka hazina wa Kanisa lao kitaifa, aliyeshika kazi tangu 1986, aliiacha mwanzoni mwa 1995. Baada ya kuondoka kwake ndipo hesabu zilipochunguzwa, na ikagundulika kwamba kiasi cha dola milioni 2.2 kilikuwa kimepotoshwa. Askofu Kiongozi wao alilitangaza jambo lile hadharani mwezi Mei mwaka ule ule, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu mhusika kifungo cha miaka 5. Hatulitaji hili kwa kuwasengenya wenzetu. Sisi Wakatoliki tunayo ya kwetu, tena ya kutosha. Tunalitaja kwa sababu hesabu zile zingefunguliwa vizuri kila mwaka, pengine aibu ingekuwa ndogo na mtu yule asingefika mbali namna ile. Tunalitaja pia kwa sababu hawakuficha. Na katika majimbo yao, Askofu asipokuwapo, mamlaka hushikwa na kamati ya kudumu yenye mapadre na walei pamoja. Utaratibu wetu si huo, wala hatupendekezi uwe huo. Lakini mlei aliyeketi mezani na kusikia hesabu kwa masikio yake harudi kijijini na uvumi.

Tena tusifikiri kwamba hesabu ni ya kumnasa mwizi tu. Mweka Hazina wetu anayeondoka, ambaye sisi binafsi hatujaona baya lolote kwake, amekwisha kuhukumiwa vijiweni. Akiondoka bila makabidhiano yaliyoandikwa, atajitetea kwa nini? Baada ya miaka mitatu fedha fulani ikikosekana, kila kidole kitamwelekea, naye atakuwa parokiani mbali, bila kitabu, bila shahidi. Karatasi ile yenye saini tatu ndiyo ngao yake. Anayemnyima makabidhiano ya wazi kwa kisingizio cha kumstahi, anampeleka uchi mbele ya maneno ya watu.

Yapo na mambo ya serikali. Mali za Jimbo ziko chini ya Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa, na wadhamini wanapobadilika taarifa hupelekwa kwa msajili. Saini za benki nazo hubadilishwa. Haya ni ya wanasheria na hatutayakalia, ila tuseme tu kwamba saini ya mtu aliyekwisha kuondoka kuendelea kutumika benki si urahisi wa kazi, ni hatari kwake na kwa Jimbo.

Sasa tuje kwa wale ambao hawakutajwa kabisa katika barua: karani, dereva, mpishi, mlinzi, mfagizi wa ofisi. Mabosi watatu wakibadilika kwa pamoja, watu hawa hawalali. Tumeona mahali pengine kiongozi mpya akifika na dereva wake na mpishi wake, na waliokuwapo wakaambiwa kwa lugha ya upole kwamba wapumzike. Dereva wa Makamu wa Askofu si mali ya Makamu wa Askofu. Ni mwajiriwa wa Jimbo. Kanuni ya 1286 inawaamuru wasimamizi wa mali za Kanisa wafuate kikamilifu sheria za nchi juu ya kazi, kwa kuzingatia mafundisho ya Kanisa, na walipe ujira wa haki. Na sheria ya nchi, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inasema mfanyakazi wa mshahara wa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28, alipwe kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia hadi miaka 10, pale anapostahili, na apewe cheti cha utumishi. Kuachishwa kwenyewe lazima kuwe na sababu halali. Kubadilika kwa bosi si sababu.

Wafanyakazi hawa ndio wenye ahadi nyingi za mdomo. Mpishi alikopeshwa fedha za mazishi na kuambiwa atakatwa kidogo kidogo; mlinzi aliahidiwa kwamba miezi ya michango ya hifadhi ya jamii iliyorukwa italipwa; karani aliambiwa mwanawe atasaidiwa sekondari. Anayeondoka anakumbuka. Anayeingia hajui. Mfanyakazi anaogopa kusema, asije akaonekana mwongo kwa bosi mpya tangu siku ya kwanza. Tunawaomba ndugu zetu mapadre watatu wanaoondoka, na tumekwisha kuwaomba ana kwa ana kabla ya kusema hapa, wakae na kila mfanyakazi, wamwulize ni neno gani walimpa, waliandike.

Nanyi walei mfanye nini? Msivamie ofisi. Kanuni ya 212 inawapa haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yenu juu ya mambo ya mafao ya Kanisa, kwa heshima na kwa kuzingatia manufaa ya wote. Itumieni. Kila parokia iwe na orodha yake ya mambo ambayo Jimbo liliiahidi au parokia iliahidi kwa Jimbo: michango iliyopelekwa, stakabadhi yake, mradi uliokubaliwa kwa mdomo, kiwanja ambacho hati yake iko kuria. Ileteni orodha hiyo kwa dekano kabla ya siku ya makabidhiano, si baada. Msimwachie paroko peke yake. Naye aweza kuhamishwa kesho. Na yule atakayesikia jumuiyani kwamba fulani amekula, amwulize msemaji kwa upole aliona nini na lini. Kama aliona, alete. Kama hakuona, wasali fungu moja la rozari waendelee na ajenda nyingine.

Baba Askofu amekubali kwamba makabidhiano yafanyike mbele ya Baraza la Fedha, na kwamba wawakilishi wawili wa Halmashauri ya Walei ya Jimbo, mwanamume na mwanamke, waketi humo kama mashahidi. Muhtasari utasomwa makanisani. Mambo ya siri za watu, kama kesi za ndoa na barua za dhamiri, yatabaki siri. Hayo yana hifadhi yake na kanuni zake, wala mtu asidai kuyaona kwa jina la uwazi.

Mama yule wa matuta alifariki baada ya miaka michache, akiwa amerudi kigangoni. Nakala ya hati yake alikuwa ameikunja ndani ya kitenge chini ya sanduku. Nakala ya pili iko parokiani na ya tatu kuria, katika faili ambalo Katibu wa Jimbo anayeondoka ametuonyesha juma hili, likiwa na namba yake kwenye orodha atakayokabidhi.

Muda wa maswali umefika. Tuanze na mama yule wa kule nyuma, aliyeinua mkono tangu tulipowataja wapishi.